Hakutaka Tiba ya Watu wa Chini

Amekufa yule bwana wa tai shingoni. Wakaaji wa mitaa ya kampuni hawahitaji nitaje jina lake, na wasio wa kule hawatapoteza kitu kwa kutolijua. Alikuwa mkubwa katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni yetu ya migodi, tangu siku ambazo kampuni hiyo iliulisha mji mzima unga, samaki na kiburi, hadi siku hizi ambapo haimlishi hata mlinzi wa lango lake. Amefia nyumbani, asubuhi, mkewe akimwosha uso. Habari ilinikuta katika ofisi ya gazeti hili, ambalo kama mnavyoona limebaki karatasi moja iliyokunjwa, na wenzangu wakaniambia: wewe ulisoma naye, basi andika. Wanaongojea machozi wamekosea mtu. Nilimjua tangu tukivaa kaptula katika shule ya mapadri, wote wawili watoto wa Wakatoliki walioshuka kutoka kaskazini ya Katanga kufuata kazi, baba yangu kwenye reli na baba yake kwenye mgodi. Nilimjua, na sikumpenda. Nisingejisumbua kusema hivyo hadharani, mtu akiwa bado hajatulia kaburini, kama si yale niliyoyasikia matangani kwake.

Matanga yalikuwa ya heshima, kwa kadiri nchi hii inavyoruhusu heshima mwaka huu. Ugali wetu wa bukari ulipatikana, mboga ya sombe ilipatikana, na hotuba zilipatikana kupita kiasi. Mmoja alimwita nguzo, mwingine akamwita baba wa wafanyakazi, na niliona wazee wawili wa kiwandani wakiinamisha vichwa, nadhani ili wasicheke. Kisha akasimama baba mdogo wa marehemu, aliyekuja na treni kwa ajili ya msiba, akamwonyesha mjane kwa kidole mbele ya sisi sote. "Huyu mwanamuke njo alikatalaka mutoto wetu asioperewe mbio," akasema, yaani alimzuia mumewe asipasuliwe mapema. "Alimufunga mu nyumba, mpaka bugonjwa ikakomaa. Kama alimuacha aende mbele, sasa tuko naye hapa." Ndugu wakaguna kukubali. Mjane alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, kitambaa kimemfunika nusu ya uso. Ninyi mnajua kama mimi kinachofuata maneno ya namna hiyo mjini kwetu. Kwanza mwanamke anaitwa mkaidi, kesho yake anaitwa mchawi, na kabla matanga hayajavunjwa ndugu wameshika ufunguo wa nyumba naye anatafuta pa kulaza kichwa. Mimi nilikuwapo siku ile maneno ya upasuaji yaliposemwa. Kwa hiyo naandika.

Nianze na mtu mwenyewe. Wale walioingia mjini juzi hawajui jinsi kampuni ilivyotupanga, kwa hiyo naeleza. Kulikuwa na wafanyakazi wa mikono, kulikuwa na wasimamizi, na juu yao wote walikaa makada, yaani wakubwa wa ofisi na wahandisi. Kila daraja lilikuwa na nyumba zake, duka lake, na hata hospitalini lilikuwa na jengo lake. Mfanyakazi akiugua alipewa vidonge na kuambiwa arudi kazini. Msimamizi alipewa kitanda. Kada alipewa ndege ya kwenda Ulaya. Mtu angeweza kujua cheo cha jirani yake kwa kutazama tu jinsi alivyotibiwa mafua. Huyu bwana alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa mikono, akapanda kwa akili yake na kwa kukaza tai yake mpaka akawa kada, na tangu siku hiyo kazi yake ya kweli, hata kama mshahara alilipwa kwa nyingine, ilikuwa kuhakikisha kwamba ngazi aliyoipanda haipandi mtu mwingine.

Siku moja mtu wa tanuru la shaba aliungua mgongo mzima. Jengo la wafanyakazi lilikuwa limejaa, wakamlaza kifudifudi kwenye mkeka katika ukumbi wa kupitia, watu wakimruka wakienda chooni. Ng'ambo ya bustani, jengo la makada lilikuwa na vitanda vimetandikwa shuka nyeupe, bila mgonjwa hata mmoja. Nilikuwa nimekwenda kumtazama jamaa yangu, nikamkuta bwana wa tai akipita na mafaili yake, nikamwomba aseme neno moja tu ili yule mtu apelekwe kule. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kumvua askofu kofia. "Na kesho kada akiugua, atalala pa nani?" akaniuliza. Nikamwambia vitanda ni vingi. "Haiko kitanda," akasema, "iko heshima. Ukichanganya bantu leo, kesho hakuna mukubwa." Mtu wa tanuru alipona, kwa rehema za Mungu na za masista. Mimi sikupona kabisa. Kila nilipomwona bwana huyu baadaye, kanisani au njiani, niliuona ule mkeka.

Kisha kampuni ikaanguka. Hilo hamhitaji kusimuliwa, maana limetuangukia sisi sote. Mgodi uliporomoka, mishahara ikawa hadithi, wanajeshi wakapora maduka na baada yao tukapora sisi, majirani wakafukuzana kwa sababu ya makabila na stesheni ikajaa watu waliolala juu ya masanduku yao. Wahandisi wakaanza kuuza maandazi. Bwana wa tai hakuuza kitu. Kila asubuhi alivaa, akaenda kwenye ofisi isiyokuwa na umeme wala wafanyakazi, akakaa huko mpaka saa ya kutoka, akarudi. Wengine waliona ni ushujaa. Mimi niliona ni upumbavu mtupu, na niliwaambia.

Alianguka kanisani, Jumapili, katika mstari wa komunyo. Mkono wa kulia ulianza kurukaruka, mdomo ukapinda, akaanguka chini akitetemeka na povu, katikati ya wauza mboga na waashi waliomshika kichwa kisigonge sakafu. Watu wakanong'ona kifafa, na wengine wakanong'ona mengine. Kampuni, kwa pumzi yake ya mwisho, ilimpeleka nchi jirani kupigwa picha za kichwa. Akarudi na bahasha kubwa. Ndipo mkewe akaja kwangu. Aliniomba niende nao kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, mwalimu wa pale chuo kikuu cha Kasapa, kwa sababu, alisema, "bwana yangu anasikiaka wanaume benye balisoma." Nilienda kwa ajili ya mwanamke huyo. Kwa ajili ya mume nisingevuka barabara.

Daktari alizibandika picha kwenye dirisha, maana taa ya kuzitazamia ilikuwa imekufa, akatueleza bila haraka. Mimi si mganga, nasema nilivyomwelewa. Damu hutoka moyoni kwa nguvu katika mishipa minene, kisha hupita katika vijishipa vyembamba sana vinavyoipunguza kasi, ndipo irudi katika mishipa laini ya kurudishia. Katika kichwa cha bwana huyu, upande wa kushoto, vile vijishipa vya katikati havikuwapo. Alizaliwa hivyo. Mishipa ya nguvu ilikuwa imefungamana moja kwa moja na ile laini, fundo kubwa, karibu kama ngumi ya mtoto, na limekaa mahali pale pale maneno yanapotengenezwa. Halijavuja damu bado, lakini ndilo lililomwangusha.

Bwana wa tai akauliza linatolewaje. Daktari hakuficha kitu. Mafundo madogo, alisema, yaliyo mahali pazuri, hukatwa yakaisha, na yeye mwenyewe angemsukuma mgonjwa wa namna hiyo aende akakatwe. Mengine hupigwa mionzi yakasinyaa polepole kwa miaka, lakini mionzi inayotosha fundo kubwa namna hii huunguza na ubongo wenyewe. Kuna pia gundi, inayopitishwa kwa mrija mwembamba kutoka kwenye paja mpaka kichwani ili kuziba njia za damu, na mara nyingi gundi huja kwanza na kisu hufuata. Lakini kwa fundo kubwa na lenye mizizi mirefu, ukiziba njia mbili damu inazidi kusukuma zilizobaki, na kutibu nusu kunaweza kuwa kubaya kuliko kutogusa. "Tukikata yote," akasema akimtazama usoni, "maneno itaenda nayo, na mukono ya kuume. Karibu hakika. Na unaweza kubakia pa meza ya kupasulia. Benzangu kule kwenye ulipigwa picha baliandika vile vile."

"Sasa traitement yangu, dawa yangu, iko nini?" akauliza bwana wa tai.

"Vidonge ya kuzuia kuanguka, asubuhi na mangaribi. Tension, presha ya damu, tunapima, chumvi unapunguza. Unarudi hapa, tunaangalia. Siku ikivuja, tutaongea upya. Ile ingine, tunaiacha."

"Ni ile tu?"

Hapo daktari, mtu mwema, akafanya kosa. Alitaka kumtuliza. "Papa, usiogope," akasema. "Niko na mama mumoja wa Naviundu, anauzishaka makala, makaa ya kupikia. Eko na bugonjwa sawa yako, na iko munene vile vile. Anameza hizi hizi vidonge, anauzisha makala yake, analea batoto yake. Eko muzima."

Niliona shingo ya bwana wa tai ikivimba juu ya kola. Alizikusanya picha zake dirishani moja moja, akazipanga. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini: "Docteur, unanipatia dawa ya mama wa makala?"

Mkewe akamshika mkono. "Papa, sikia Docteur. Tunarudi ku nyumba, tunakaa tu. Mi nitakupatia vidonge, mi niko."

"Kukaa iko ya bantu ba chini," akajibu. "Mi niko cadre."

Haya ndiyo yaliyosemwa. Huyo ndiye mwanamke aliyemfungia mume nyumbani, kama mnavyoambiwa. Maneno yake yote ya ukaidi yalikuwa kumwomba mumewe aishi. Na watu wanaokariri kwamba sikio la kufa halisikii dawa, hapa wasikariri. Sikio lake lilisikia vizuri sana, kila neno. Alichokataa ni cheo cha dawa.

Ningemcheka peke yake kama lingekuwa lake peke yake, lakini ni letu. Ni kosa ambalo mtu wa kwingine halifanyi, kosa la watoto wa kampuni. Miaka yote ile tulifundishwa kwamba anayethaminiwa hupasuliwa, hupakiwa ndege, hutobolewa sindano ndefu, na kwamba kuambiwa "meza hii, tutakuona tena" ni namna ya kuambiwa wewe si mtu. Kwa hiyo daktari anapopima hatari mbili na kuchagua iliyo ndogo, sisi tunasikia tumeshushwa daraja. Nimeyasikia hayo nyumbani kwangu, kwa dada yangu aliyemtukana muuguzi kwa sababu mtoto wake hakutundikiwa maji. Kampuni imekufa, vyeo vyake havinunui hata kibiriti, lakini ngazi yake bado imesimama vichwani mwetu na tunaendelea kusukumana juu yake. Ni aibu, na ya kijinga zaidi ni kwamba tunaiita heshima.

Basi bwana akatafuta tiba ya daraja lake. Binamu aliyekuwa na kiti katika serikali ya mkoa alimtafutia ndege ya Ulaya, wakati ambapo akina mama walikuwa wakijifungua hapa kwa mwanga wa mshumaa. Daktari wa huko, nimesoma karatasi, alimweleza hatari zile zile kwa lugha safi zaidi, na kumwambia kwamba angejaribu ikiwa mgonjwa mwenyewe anasisitiza. Mgonjwa alisisitiza. Siku ya kuondoka aliagana nasi barazani, suti imenyooshwa, na alipofika kwangu akanipa vidole viwili tu. "Weye bakia na mama yako wa makala," akaniambia. Watu wakacheka. Mkewe hakucheka, alikuwa anazipanga zile pakiti za vidonge katika mkoba wake mdogo, kwa kuwa aliendelea kuvinunua na mume alikuwa akivitema.

Walitia gundi kwanza. Halafu wakakata, damu ikafurika, wakalazimika kuacha katikati ili kumwokoa. Nusu ya fundo ikabaki. Alirudi mjini kwa kiti cha magurudumu, mkono wa kulia umelala mapajani, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, yale ya Kifaransa kizuri aliyoyatumia kutukalisha chini, lilimbakia neno moja: lete. Daktari wa Kasapa aliniambia hutokea hivyo, neno moja lililozoeleka hubaki na mengine yote hufutika. Nilikwenda kumtazama, nakiri, nikiwa na hamu mbaya ya kumwona ameshuka. "Lete," alimwambia mkewe. Akaleta maji. Akatikisa kichwa. "Lete." Akaleta shuka, akaleta rozari, akaleta kioo, akaleta picha ya harusi yao. Hakuna kilichokuwa chenyewe. Bwana akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto, na mkewe akakaa chini karibu na kiti akamfuta, akamwambia polepole kwamba watatafuta tena kesho. Niliondoka mapema. Kudharau mtu ni kazi nyepesi akiwa amesimama.

Miezi ikapita hivyo. Mwanamke alimgeuza, alimlisha, alimwosha, na wale ndugu wenye vidole virefu hawakuonekana, kwa sababu njia ilikuwa mbaya na treni hazikuwa za uhakika. Asubuhi ile ya kifo chake, nusu ya fundo iliyobaki ilipasuka. Kwa ajili ya msiba, treni ilipatikana.

Narudi matangani. Baba mdogo alipomaliza kumshtaki mjane, nilisimama nikasema niliyowaandikia hapa, kwa ufupi zaidi na kwa ukali zaidi. Nilisema kwamba daktari alishauri asiguswe, kwamba mama huyu ndiye pekee aliyetaka ushauri ufuatwe, na kwamba kilichomletea mauti ni kule kutibiwa kwenyewe. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa.

"Sasa weye unataka tuseme nini pa mbele ya bantu?" akauliza. "Kama muntu mukubwa vile alikufwa juu ya kiburi?"

"Ndiyo, Mzee. Museme vile."

Mtu mmoja akaomba wimbo uanzwe, wimbo ukaanzwa.

Mjane aliniita baadaye nyuma ya jiko. Nilifikiri atanishukuru, na nilikuwa tayari kushukuriwa. "Papa, usimutukane bwana yangu," akasema. "Alikuwa anaogopa."

"Aliogopa kufwa?"

"Kufwa, hapana. Aliogopa kukaa. Bila kazi, bila bantu ba kumusalimia, sawa baba yake alikuwaka pa mwisho, mu kiti pa mulango. Alisema iko haya. Mi nilimwambia haiko haya, mi niko pale, tutakaa sisi baili. Ile tu njo nilikuwa natafuta, Papa. Tukae."

Sitawadanganya kwamba moyo wangu ulilainika hapo nikamsamehe. Bado namdharau, na sasa namdharau zaidi, kwa sababu alikuwa na mtu wa kukaa naye na akaona ni afadhali kisu. Lakini dharau yangu haimrudishii mwanamke kitu. Ufunguo wa ile nyumba, ninapoandika, uko mfukoni mwa baba mdogo, na naye husomewa gazeti hili kila linapotoka. Mzee, rudisha ufunguo wa watu. Mume wake alichagua mwenyewe, akiwa na akili zake zote na masikio yake yote mawili, na sisi tulikuwapo.

Na kwenu ninyi wengine, ambao kesho mtakaa mbele ya daktari na picha iliyobandikwa dirishani: mwulizeni kila swali, mtafuteni na daktari wa pili mkiweza, na akisema kukata ndiko kuzuri, nendeni mkakatwe. Lakini akisema tuliache, tulilinde, msisikie tusi. Ugonjwa hautazami kama umevaa tai. Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyeambiwa akae na ugonjwa wake, usianze kumtafutia ndege. Mnunulie vidonge vyake, mpime presha yake, kisha vuta kiti mlangoni ukae naye, watu wawaone.